Kiti cha Katikati

1

"Ugonile, mwanangu?" Daktari Anyandwile aliniuliza nilipovuta kiti cha katikati.

Sisi Wanyakyusa husalimiana hivyo asubuhi, tunaulizana kama tumelala. Ni salamu ya heshima kabisa. Lakini mtu aliyekaa kwenye meza ya Jumba la Kulala, mwenye uso wa miaka thelathini na tano ilhali kitambulisho chake kinasema sabini na nne, akikusalimia hivyo ujue anakudhihaki. Usingizi uliomlainisha vile ulikuwa wa watu wengine. Sehemu yake ilikuwa ya kaka yangu.

"Nimelala vizuri, Daktari. Shikamoo." Shikamoo nilimpa kwa sababu ya umri wake. Mengine niliyokuja kumpa yalikuwa yanasubiri zamu.

"Marahaba. Tusekile, siyo? Dada yake Asajile. Mmefanana pua."

Nilikuwa nimejiandaa miaka miwili kwa kila kitu isipokuwa hilo, kwamba angelitaja jina la kaka yangu kirahisi namna ile, kama anayetaja kituo cha basi. Nikatabasamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimezoea kutazama moto kwa karibu bila kukunja uso.

Bi Sekela, mwamuzi wa meza, alitufunga vilemba. Ndivyo tunavyokiita kifaa kile, kwa kuwa ni kitambaa cha nyuzi za shaba kinachozungushwa kichwani mara tatu. Kikikaza unahisi ubaridi nyuma ya masikio, basi. Kilemba husoma usiku mia tatu ulio mbele yako, usingizi ambao hujaulala bado, na kinaweza kuutoa na kuuhamishia kichwa kingine. Huhama mara moja tu. Usingizi wa mwenzio ukishaingia kwako utaulala wewe. Huwezi kumgawia mtu wala kuuweka mezani. Ndiyo maana kila anayecheza pale anacheza na usingizi wake mwenyewe, tajiri na maskini sawa.

Akatusogezea kete. Mia tatu kila mmoja, kete moja usiku mmoja.

"Viti havizunguki," Bi Sekela akatangaza. "Daktari anatangulia, binti anafuata, mgeni anamalizia. Anayetaka kuinuka ainuke kati ya mkono na mkono, yaani kati ya mgao na mgao wa karata, na aliyeshinda acheze kwanza mkono mmoja wa kuaga, ndiyo adabu ya nyumba hii. Mtu akifika sifuri, meza inafungwa."

Mgeni aliyekaa kushoto kwangu aliitwa Mligo, fundi wa malori kutoka Makambako. Macho yake yalikuwa mekundu na kete zilimponyoka akizipanga. Wiki iliyopita alikuwa amepoteza usiku kumi na mbili kwenye meza ya ghorofa ya chini, na huu ulikuwa wa sita hajafumba jicho.

"Daktari kanionea huruma, dada," akaniambia. "Kanileta huku juu bila kiingilio. Nikirudisha zangu kumi na mbili tu naondoka. Nina mtoto anaanza kutambaa, juzi nusura nimwangushe."

"Tusaidiane," Daktari akasema kwa upole. "Dunia ndiyo hii hii."

Nilimtazama Mligo nikamwonea huruma, halafu nikaiweka huruma hiyo kando. Nilijua kwa nini ameletwa.

2

Daktari Anyandwile ndiye aliyebuni kilemba. Alikibuni kwa ajili ya wodi ya watoto walioungua, wanaolia usiku kucha kwa maumivu, ili mama aweze kumpa mwanawe usiku wake kadhaa, mtoto alale, ngozi ipate kupona. Hakuna aliyempinga, na nani angempinga? Miaka mitano baadaye hapakuwa na wodi. Palikuwa na Jumba la Kulala kwenye mteremko wa mlima Loleza, lenye vioo vya samawati, vilemba vyote vikafungiwa humo kwa wachezaji tu, na watu walipanda kule kucheza karata.

Aliyepoteza usiku mia tatu hufa. Si siku hiyo. Wengi hufika siku ya kumi na saba au ya kumi na nane.

Serikali ilipohoji, Jumba likaweka kanuni ya msamaha. Meza ikifungwa, kabla vilemba havijahamisha chochote, mwamuzi humuuliza mshindi mara tatu kama anasamehe. Akisamehe, kila mmoja anarudi na usiku wake. Lakini husamehewa wote au hasamehewi hata mmoja. Walisema ni kwa sababu ya visasi, mtu asije akakaa mezani na kuchagua nani afe. Kanuni nzuri ukiisikia kwa mbali.

Asajile, kaka yangu, alikaa kiti hiki cha katikati miaka miwili iliyopita. Alicheza kama mtu anayeongea na rafiki zake, na akashinda. Akamfikisha Daktari sifuri, na pamoja na Daktari akamfikisha sifuri mama mmoja wa Tunduma, mkesha kama tunavyowaita waliopoteza usingizi mezani, ambaye Daktari alikuwa amemleta kwa huruma zake. Bi Sekela akauliza mara tatu. Asajile alimtazama yule mama, na mara ya tatu akasema, "Nasamehe."

Daktari akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Basi tucheze tena kidogo, kijana wangu, kirafiki." Mama wa Tunduma akainuka akaenda zake. Kaka yangu, kwa furaha ya mtu aliyetenda jema, akabaki. Baada ya saa moja ni yeye aliyekuwa na sifuri, na Bi Sekela alipouliza, Daktari alisema "Sisamehi" kabla swali halijaisha.

Mimi ndiye niliyemuuguza. Siku ya kumi na mbili alikaa jikoni akamenya viazi debe zima, kila kiazi akikipa jina la mwanafunzi aliyesoma naye darasa la nne. Siku ya kumi na tano aliniomba nimpige na nyundo, taratibu tu, nyuma ya kichwa. Siku ya kumi na saba hakuniomba tena kitu.

Kwa hiyo nilielewa. Yule mtu wa kiti cha mwisho ni ngao. Daktari hachezi bila ngao, kwa sababu anajua watu wengi wana utu, na utu wa wenzake ndio bima yake.

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilikuwa inavuta kitu kingine. Nilimchomelea geti bure muuguzi wake, nikawa namtembelea, mpaka mwezi wa pili mwaka huu akaniambia akiba ya Daktari ya usingizi wa watu imekwisha. Amebaki na wake tu. Ndipo nikaomba meza.

3

Tulicheza toka saa nne asubuhi. Kufika saa saba mchana Daktari alikuwa nyuma kwa kete sabini, mimi mbele kwa arobaini, na Mligo, Mungu alimfungulia siku hiyo, alikuwa amerudisha zake kumi na mbili na nyingine juu. Faida ya kete thelathini.

"Mimi basi," akasema akifuta uso kwa kofia yake. "Nacheza wa kuaga naondoka."

Bi Sekela akagawa. Mbili mbili za siri kwa kila mtu. Nilizifunua zangu pembe tu. Saba mbili.

Kwa asiyecheza: baada ya hizo mbili hufunuliwa tatu mezani za wote, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila zikifunuliwa watu huweka kete kwa zamu: ukifuata unaweka sawa na mwenzako, ukiongeza unampita, ukitupa umejitoa. Zile tatu za kwanza ni salamu. Mazungumzo yenyewe yako kwenye ya nne na ya tano, kwa kuwa hapo kete zimekuwa nyingi na kosa la tano linakuwa kosa la mia.

Na kiti cha katikati ndicho kiti kibaya kuliko vyote. Anayetangulia husema bila kujua. Anayemalizia husema akijua yote. Wa katikati anajua nusu, na nyuma yake kuna mtu ambaye hajafungua mdomo. Ndiyo maana wa katikati akiongeza kwenye karata ya nne au ya tano, meza hunyamaza. Ameongeza kisogo kikiwa wazi, ana kitu.

Nilikuwa nimetazama mikono mia nne na kumi na mbili ya Daktari iliyorekodiwa. Wa katikati akiongeza huku mwishoni, Daktari hutupa karata zake. Hajawahi kubisha hata mara moja. Lakini anayemalizia akiongeza, hasa akiwa mkesha, Daktari hufuata, kwa sababu anaamini mtu aliyekata tamaa hudanganya. Kwa hiyo ningeweza kuwa na karata za malaika na bado nisimpate. Wa kumvuta alikuwa Mligo peke yake.

Tukaweka tano tano. Zikafunuliwa tatu: saba ya shupaza, mfalme wa kopa, nne ya kopa. Nikawa na saba tatu. Daktari akaweka kumi. Nikafuata. Mligo akafuata, na nilimwona anavyozitazama zile kopa mbili za mezani mara moja, haraka, halafu anatazama dirishani. Mtu aliyekesha siku sita hawezi kuficha macho yake. Alikuwa na kopa mbili mkononi, akisubiri kopa ya tano.

Karata ya nne: mfalme wa maua. Sasa nilikuwa na saba tatu na wafalme wawili, nyumba iliyojaa, na mikono ya kunishinda ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Daktari akaweka thelathini bila kusita. Ana mfalme, nikasema moyoni. Ana mfalme na ree.

Zamu yangu.

Ningeongeza pale, Mligo angetupa. Angeinuka na faida ya kete kumi na tano, akavuliwa kilemba, akashika basi la saa tisa la Makambako na usiku huo angelala kitandani kwake. Na Daktari naye angetupa, kama kawaida yake, akaagiza chai.

Nikisema nafuata tu, wote wawili wanabaki.

Nataka ujue nilichokifikiria, usije ukanipamba. Sikuwa na mpango wowote wa kumwokoa Mligo. Nilimkumbuka mtoto wake anayetambaa, nikamkumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba. Halafu nikaviona vile viazi.

"Nafuata," nikasema.

"Nafuata," akasema Mligo.

Karata ya tano ilikuwa mbili ya kopa. Mligo alivuta pumzi, akajikohoza kuificha. Daktari akaweka themanini. Alikuwa akinitazama mimi, siyo Mligo, akisubiri kuona kama kiti cha katikati kitasema kitu.

"Nafuata," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nikamwona analegeza mabega. Mligo, masikini, alisukuma kete zake zote mbele kwa viganja viwili.

"Zote," akasema. "Zote, Daktari. Nisamehe."

Daktari alicheka. Kwake yeye huyo alikuwa mkesha anayedanganya, na mimi mwanamke mwoga aliyefuata mara tatu bila kuthubutu. Akasukuma zake zote.

Nikasukuma zangu.

4

Daktari alifunua ree na mfalme. Mligo akafunua ree ya kopa na tisa ya kopa, kopa tano zimetimia. Aliinuka nusu kwenye kiti. Nikafunua saba zangu mbili; nyumba iliyojaa huzipiga kopa tano.

Mligo alizitazama. Kisha akakaa.

"Ulijua nina kopa?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Toka karata ya nne?"

"Toka zile tatu."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Daktari hakuwa amebadilika uso hata kidogo. Alikunja mikono, akaegemea nyuma, akanitazama kwa mapenzi kabisa, kama babu. "Umecheza vizuri kuliko kaka yako," akasema. "Yeye alikuwa na haraka. Bi Sekela, muulize mtoto."

"Tusekile," Bi Sekela akasema, "meza imefungwa. Unasamehe?"

Nikaanza kuzipanga kete.

"Nimwone Bwana Mligo anavyokwenda kwa mwanawe," Daktari akasema. "Ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye mchezo huu. Huwa kinanitoa machozi."

"Unasamehe?" Bi Sekela akauliza mara ya pili.

"Dada," Mligo akasema, "mimi sikuombi. Nilikuja kwa miguu yangu. Ila ukimpigia mke wangu umwambie nimepata kazi ya mbali. Zambia huko. Asinione siku za mwisho."

Nilikuwa nimemtega mtu asiye na kosa kwenye mkono wake wa kuaga, nikijua anachoshika, na yeye ananiomba nimfichie mkewe. Nikimsamehe, Daktari anainuka akiwa mzima, kesho ataleta mkesha mwingine. Nisipomsamehe, mtoto wa Makambako ataanza kutembea bila baba. Nikawaza nisamehe. Kweli niliwaza. Ulimi wangu ulishafika kwenye meno.

Kisha nikaitazama meza. Kete zote mia tisa zilikuwa mbele yangu, na mimi na Daktari tulizitazama kama wacheza karata wanavyotazama: za kushinda. Lakini mia tatu kati ya hizo hazikuwa za kushinda. Zilikuwa zangu, za kuzaliwa nazo, hazijahama hata mara moja. Kilemba kilibuniwa ili mtu ampe mwenzake usiku wake mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ndiyo hiyo, na aliyekibuni alikuwa ameisahau.

"Kwa mara ya tatu, unasamehe?"

"Sisamehi."

Nilikuwa nimesubiri miaka miwili kuona uso wa Daktari ukivunjika, na ulivunjika taratibu, kuanzia mdomoni. Alimtazama Mligo. Akanitazama mimi. "Utamuua huyu?" akasema. "Huyu ana mtoto!"

"Bi Sekela," nikasema, "hamisha. Ukimaliza usinivue. Toa usiku wangu mwenyewe mia tatu, umpe Bwana Mligo. Ni zawadi. Mimi nitalala wa kwao."

Bi Sekela aliyefanya kazi pale miaka tisa alibaki na mkono hewani. "Haijawahi kuombwa humu," akasema.

"Imekatazwa?"

Akafikiri. "Haijakatazwa."

Ubaridi ulipita nyuma ya masikio yangu mara mbili, ukiingia, kisha mara moja ukitoka. Mligo alikuwa tayari amesinzia kwenye kiti, kinywa wazi, kofia imemwangukia mapajani. Daktari alikuwa anajipapasa kichwa kwa vidole vyote kumi, kama mtu aliyeibiwa kofia asiyoiona.

5

Siku ya tisa Daktari alikuja karakanani kwangu. Mikunjo yote ilikuwa imemrudia kwa pamoja. Ilimchukua muda kukumbuka kwa nini amekuja.

"Ugonile," akaanza, akakatiza. "Mwanangu, tafuta mtu. Kijana yeyote mwenye afya. Wewe wanakusikiliza. Usiku ishirini tu."

"Kaka yangu aliomba usiku ngapi?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilishusha kinyago cha kuchomelea nikaendelea na kazi yangu, na cheche zikawa zinamwangukia viatuni naye hasogei. Watu husema kisasi hakina utamu. Mimi nilisikia utamu, nasema kweli, toka kooni hadi vidoleni. Alikufa siku ya kumi na sita, saa tano asubuhi, na habari iliponifikia nilipika wali kwa maharage nikala sahani mbili.

Mligo hajawahi kunishukuru. Alituma gunia la parachichi kwa lori la rafiki yake, bila barua. Nadhani ni sawa. Anajua nilichofanya kwenye karata ya nne, na anajua kwamba nilipokifanya sikuwa na zawadi yoyote kichwani.

Nilikuwa nimesikia kwamba usingizi wa kushinda huja na ndoto za mwenyewe wa kwanza. Nilidhani ni maneno ya watu wa kijiweni. Wa Daktari ndio ulioanza kuingia.

Nikilala, nakaa kwenye kiti cha kwanza. Mikono yangu ni laini, ina pete. Kushoto kwangu, kiti cha katikati, amekaa Asajile na sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, hana kete hata moja, bado anatabasamu kidogo kwa sababu haamini. Bi Sekela anafungua mdomo kuuliza. Mimi ndani ya yule mzee napiga kelele nasamehe, nasamehe, nasamehe. Ananitangulia. Anasema "Sisamehi" kwa kinywa changu, na kaka yangu ananigeukia kuona ni nani aliyesema.

Za Daktari zimebaki mia mbili na hamsini. Kila asubuhi naamka nimepumzika kabisa.